Jinsi ya Kukalia Benchi Ambalo Halipo

Mwongozo huu ni wa watu waliokulia Kipawa, Kigilagila na vichochoro vyote vilivyoegemea uzio wa Uwanja wa Ndege wa Dar es Salaam. Ni wa watoto wao pia, wanaotajiwa majina hayo kila sikukuu na wakipelekwa kuyaona wanakuta ukuta, lami na nyasi zilizofyekwa. Unaelekeza namna ya kwenda kijiweni wakati kijiwe hakipo, namna ya kuagiza kahawa ambayo hakuna anayeimimina, na namna ya kurudi nyumbani ukiwa umekunywa. Nimeifanya safari hii mara nyingi, kwanza peke yangu, kisha na mwanangu, na ninayoyaandika hapa nimeyajaribu yote.

Chagua Jumapili, saa tisa alasiri. Siku nyingine zinafaa kwa shughuli nyingine. Zamani Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya wageni. Watu wa Ilala, Temeke na Magomeni walivalisha watoto nguo za kanisani au za Idi, wakapanda basi kuja Eapoti kutazama ndege, bila safari wala mgeni wa kumpokea. Walisimama wakatazama, wakanunua karanga na barafu za ukwaju, wakarudi makwao jioni wakiwa wameridhika. Sisi wa Kipawa tuliwauzia hizo karanga na barafu. Tulijihisi wenyeji wa jambo kubwa, kama watu wa Kigoma wanavyolihisi ziwa.

Panda daladala la Gongo la Mboto pale Kariakoo au Posta, na ukae dirisha la kushoto. Ukipita Tazara utapanda juu ya daraja la Mfugale, lililofunguliwa 2018. Hapo juu ukiwa na mtoto mweleze kwamba chini yake palikuwa na foleni ambayo mtu aliweza kununua humo maji, chaja, ramani ya dunia na ndizi kabla taa haijamruhusu. Usimwambie barabara inaitwa Nyerere tu. Mwambie ilikuwa Pugu Road, na wazee wake waliiita hivyo miaka mingi baada ya vibao kubadilishwa. Mwambie pia kwa nini gari alilopanda linaitwa daladala: mwaka 1983 nauli ya magari ya watu binafsi ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano mtaani iliitwa dala. Kabla ya hapo tulikuwa na mabasi ya UDA, yakiwemo yale marefu ya Ikarus yenye mpira katikati, yaliyokata kona kama jongoo.

Konda akiita vituo, sikiliza kwa makini. Barabara hii imechimbwa kwa ajili ya njia ya mwendokasi, na vituo vimehama. Vibanda vya kando vilikwisha kuondolewa 2021 machinga walipohamishwa barabarani jijini. Kwa hiyo usishuke kwa kuangalia alama. Mwenye kibanda cha magazeti hayupo, mti wa mkungu haupo, na ukisubiri kuviona utapitiliza hadi kituo cha Banana. Shuka kwa kuhesabu: Vingunguti, halafu Jeti, halafu sema “shusha” kwa sauti ya mtu anayefika kwao.

Ukishashuka, simama. Usitembee bado. Wengi wanakosea hapa. Wanaanza kuzunguka wakitafuta mahali nyumba ilipokuwa, wanachanganyikiwa na jua, wanaondoka na uchungu. Anza na masikio. Ndege yoyote ikianza kunguruma, nyamaza, na ukae kimya mpaka iishe.

Kunyamaza huko ndiyo ilikuwa adabu ya kwanza ya vijiwe vyetu, nami naiandika kwa urefu kwa sababu hakuna picha inayoweza kuihifadhi. Mazungumzo ya Kipawa yalikatwa vipande na ndege mchana na usiku. Mtu alikuwa katikati ya kisa, labda anaeleza jinsi shemeji yake alivyotapeliwa kiwanja Kitunda, na injini zikaanza kupanda upande wa pili wa uzio. Hakupandisha sauti kushindana nazo. Alinyanyua kiganja kidogo, au alishika kikombe, sentensi ikabaki ilipokuwa. Wachezaji wa bao walishikilia kete mkononi. Mama wa mihogo alisita na kijiko chake cha kugeuzia. Ndege ikapita na mtetemo ukaisha kwenye mabati, kisha msemaji akaendelea na neno lile hasa lililokuwa linafuata, bila kusema “nilikuwa nasema nini vile.” Mgeni alijulikana hapo. Yeye alidhani kisa kimekwisha, akaanzisha chake, na mzee mmoja akamwambia kwa upole: “Kijana, subiri, mwenzio hajamaliza.”

Nimekaa vijiwe vingi tangu wakati huo, Sinza, Mbagala, hata Moshi mjini. Watu wanadakiana maneno kila mahali. Sijaona pengine ambako watu kumi na wawili wanaweza kungojea kitenzi cha mtu mmoja kwa nusu dakika.

Basi jizoeze. Nenda na rafiki, anza kumsimulia jambo, na ndege ikija mwache akungojee. Mkishindwa mara ya kwanza, rudieni. Mkishaweza, mmeshakaa kwenye benchi la kwanza.

Lilikuwa benchi la kahawa, upande wa reli. Ubao mmoja mrefu wa mninga uliopigwa misumari juu ya vigogo viwili, na katikati umelika kama tandiko la punda. Mzee wa kahawa alikuja baada ya sala ya alasiri na dele lake juu ya mkaa, akigonganisha vikombe viwili vya kauri kwa vidole vya mkono mmoja. Tulisikia mlio huo kabla hatujamwona. Kahawa ilikuwa chungu yenye tangawizi, na kashata za karanga zilikatwa pande kwa kisu kilichochovywa maji. Wafanyakazi wa uwanjani walimletea vipakiti vya sukari vya kwenye ndege, vyembamba kama kidole cha mtoto. Aliviweka kwenye kopo, akawapa watoto, na kwenye kahawa hakutia hata kimoja.

Ukitaka kuiagiza leo, fanya hivi: nunua kahawa kwa muuzaji yeyote anayepita na birika, mwombe kikombe cha kauri kama anacho, uinywe umesimama huku umeelekea reli. Lipa zaidi kidogo. Mzee wetu alikuwa na daftari la madeni, na ninaamini wengi wetu tulihama hatujalipa.

Vitu vya ndege vilikuwa kila mahali kwetu, na mtoto wako atapenda kuvisikia kuliko historia yoyote. Vijiko vidogo vya plastiki vilitumika kukorogea uji. Blanketi jembamba la abiria liligeuka pazia la mlango. Soksi za safari zenye nembo zilivaliwa shuleni hadi mwalimu alipozikataza. Kulikuwa na nyumba ambamo mgeni alipewa maji kwenye trei yenye vishimo vya kuwekea kuku, mboga na keki. Mwenye nyumba hakuwahi kupanda ndege. Wengi wetu hatukuwahi. Tulizijua kwa milio: Fokker za Air Tanzania zenye mapangaboi, zilizolia kwa sauti nyembamba ya kukereza, na Boeing 737 za zamani zilizotikisa vyungu. Mzee mmoja wa bao alitabiri hata majira kwa kuziangalia. Kaskazi ikishika, ndege hutua zikitokea upande wa Pugu na kuelekea baharini, maana ndege hutua ikiukabili upepo. Akiona zimegeuza njia, alisema, “Kaskazi imeondoka, tayarisheni majembe,” na kweli wiki chache baadaye masika yalikuwa uani.

Sasa sogea kuelekea uzio. Usipige picha. Uwanja wa ndege una sheria zake na mlinzi ana kazi yake. Kumbukumbu haihitaji kamera. Akikuuliza, mwamkie. Hivi ndivyo ilivyokuwa kwangu mara ya tatu nilipokwenda:

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Unatafuta nini hapo, kijana?”

“Nyumbani, mzee.”

Aliniangalia kutoka kichwani hadi miguuni. “Wewe wa Kipawa?”

“Wa Kipawa.”

“Wanakuja,” akasema. “Mwezi uliopita alikuja mama mmoja mtu mzima na wajukuu. Akawaonyesha pale kwenye nyasi, akawaambia hapo ndipo nilipomzaa mama yenu. Simama, lakini usikae sana, jua kali.”

Ukipata mlinzi wa namna hiyo, msalimie kwa niaba yangu.

Uzio ulikuwa kijiwe cha watoto. Ulikuwa wa senyenge, na pale ulipopinda kwa kuegemewa tulijua nani anasimama wapi. Kutoka hapo tuliona jengo la pili la abiria, lile lililochorwa na Mfaransa Paul Andreu na kufunguliwa 1984, na mapaa yake yaliyokaa juu ya nguzo zenye matawi kama miavuli iliyopangwa bustanini. Andreu ndiye pia aliyechora jengo la kwanza la uwanja wa Charles de Gaulle, Paris. Sisi tulijua tu kwamba ni zuri, na kwamba mvua ikinyesha watu wa ndani hawalowi. Jengo la zamani zaidi, la miaka ya 1950, lilibaki kwa ndege ndogo za Zanzibar, Mafia na mbugani. Hilo nililipenda zaidi, maana lilikuwa na ukubwa wa kituo cha basi na mtu aliweza kumwona shangazi yake akipanda ngazi na kugeuka kupunga.

Kwa mama lishe nenda na njaa. Alianza saa kumi alfajiri, kwa ajili ya wapakia mizigo waliotoka zamu ya usiku na madereva taksi waliosubiri ndege za Ulaya. Supu ya utumbo ilitoka machinjioni Vingunguti, umbali mfupi tu, na chapati zilikunjwa zikiwa za moto kiasi cha kuunguza. Mchana wali maharage, mchicha, na kipande cha samaki kwa aliyelipwa. Benchi lake lilikuwa la kimya. Watu wa zamu hula wakiwaza usingizi. Lakini kandokando yake palikuwa na taksi, na juu ya boneti ya Peugeot 504 moja ubao wa drafti ulikaa siku nzima, na visoda ndivyo vilivyokuwa kete: upande mmoja vimelala chali, upande mwingine vimefunikwa. Madereva wale walijua nani karudi kutoka wapi na begi gani. Waliwahi kumbeba msomi mmoja aliyerudi baada ya miaka tisa ughaibuni, na kabla hajafika kwao Buguruni habari zilikwisha kumtangulia.

Ukifika hapo, simulia kisa cha ndege iliyotekwa. Kila kijiwe cha Kipawa kilikuwa nacho, na wazee walikisimulia tofauti, ila msingi ni huu: Februari 1982, Boeing 737 ya Air Tanzania ilitoka Mwanza kuja Dar. Haikufika. Watekaji waliipeleka Nairobi, Jeddah, Athens, ikaishia Stansted, Uingereza, na huko wakajisalimisha. Dereva mmoja aliyekuwa amekuja kumpokea mteja wa ndege hiyo alisema alingoja hadi giza, akaenda kulala, akarudi kesho yake. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini nilisikia kisa hicho mara nyingi hata nilijua ni wapi msimulizi atanyamaza kupisha ndege, na hapo ndipo kilipokuwa kitamu zaidi: watekaji wako angani juu ya Jeddah, na sisi tumeshika vikombe tunangoja Fokker ya Mtwara ipite.

Usiiruke siku ya Mandela. Machi 1990, wiki chache baada ya kutoka gerezani, alishuka hapa. Nilikuwa na miaka saba, juu ya mabega ya baba kando ya Pugu Road, nikaona mkono tu. Nimeutunza mkono huo.

Na tarehe 18 Oktoba 1999. Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14, na siku hiyo aliletwa nyumbani. Kabla ya magari kutoka getini barabara ilijaa watu toka uwanjani kwenda mjini, na ingawa walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona, nilisikia kunguru. Mzee wa kahawa alikuja na dele lake kama kawaida. Alimimina. Hakugonganisha vikombe. Ndege ilipotua hakuna aliyehitaji kuambiwa anyamaze, na ilipozima injini tuliendelea kunyamaza, mpaka mama wa mihogo alipoanza kulia kwa sauti. Baadaye uwanja ule ukapewa jina lake. Sisi wa upande wa uzio tulikwisha kumuaga hapo hapo.

Nakuomba usipambe. Huu ni mwiko mkubwa wa mwongozo huu. Kipawa ilikuwa na makelele yaliyopasua kuta. Mwalimu wa darasa la nne alirudia hesabu mara tatu kwa sababu ya ndege tatu. Masika maji yalitoka upande wa uwanja yakaingia ndani, viatu vikaelea. Palikuwa na mbu, palikuwa na vibaka kwenye reli, na kwenye baa ya uani watu walipigana chupa usiku wa mshahara. Mtoto wako ukimwambia palikuwa peponi atakuja kuuliza mbona mlikubali kuhama. Mwambie palikuwa mahali pa watu, pakiwa na harufu ya mafuta ya taa asubuhi na nyama choma jioni, na kwamba tulipapenda pamoja na kasoro zake zote.

Kuhama kwenyewe simulia kwa ufupi, lakini simulia. Mwaka 1997 watu walikuja na kanda za kupimia. Uwanja ulihitaji kupanuka. Walihesabu kwetu vyumba vinne, bati, choo cha shimo, mwembe mmoja, minazi miwili na mpapai. Baba alisimama nyuma yao akiwatajia vitu vilivyosahaulika, na kila alichotaja chenye mizizi au matofali kiliandikwa. Akataja benchi. Yule kijana wa kuandika alisema kwa heshima kabisa, “Mzee, benchi unaweza kulibeba.” Ni kweli, ubao ulibebeka. Baada ya hapo tulikaa miaka zaidi ya kumi na alama nyekundu ya X ukutani, hatujengi, hatukarabati, mpaka fidia ikalipwa na nyumba zikashuka karibu na mwaka 2010. Wenzetu wa Kipunguni waliishi na tangazo la namna hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mimi sina ugomvi na uwanja. Nchi inahitaji ndege, na nilishangilia kama wengine Air Tanzania ilipofufuka 2016 na ndege mbili za Bombardier. Jengo la Tatu, lililozinduliwa tarehe 1 Agosti 2019, limejengwa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka, na mara ya kwanza nilipopita ndani yake nikiwa na tiketi mkononi nilijisikia nimefika. Lakini nilitafuta pa kukaa na mtu nisiyemjua tukazungumza, sikupaona. Viti vyote vinaelekea upande mmoja. Nadhani mtu anayepanga kuhamisha mtaa angepaswa kuulizia, pamoja na minazi, watu hawa hukaa wapi jioni na nani hukaa karibu na nani, kisha awapimie viwanja kwa mpangilio huo. Kamba ya kupimia ni ile ile. Gharama yake ni kuuliza.

Kijiwe chetu cha mwisho kilikuwa cha Juni 2010. Brazil walikuja kucheza na Taifa Stars kabla ya Kombe la Dunia, na ndege yao ikatua pale pale. Nusu ya nyumba zilikuwa vifusi. Tulikaa juu ya matofali ya ukuta wa jirani, kahawa ikapita, tukabishana kama Kaká atacheza. Alicheza, akafunga pia, na tulifungwa 5 kwa 1, lakini bao la Jabir Aziz lilisimuliwa kwenye matofali yale kwa wiki nzima kama kwamba ndilo lililoamua mechi. Halafu matofali nayo yakauzwa.

Sehemu ya pili ya safari ndiyo muhimu, na wengi huiacha. Ukimaliza kutazama nyasi, usirudi mjini. Watu hawako kwenye nyasi. Wengi walipelekwa Pugu Mwakanga, wengine Buyuni na Kinyerezi, na wengine walichukua fidia wakapotelea mbali zaidi, hadi Chanika na Mkuranga. Panda gari la Pugu hadi Kajiungeni, kisha bodaboda. Usiende mikono mitupu. Chukua kilo mbili za sukari, majani ya chai, na kashata za karanga kama utazipata. Ukifika, uliza kwa kumtaja mtu kama alivyojulikana kule: baba yake fulani wa karibu na reli, mama wa mihogo wa kwenye mkungu. Anwani za huko ni mpya, lakini watu wanajuana kwa anwani za Kipawa.

Utawakuta wameachana. Viwanja viligawiwa bila kujali nani alikuwa jirani ya nani, na mzee wa bao akajikuta vilima viwili mbali na mpinzani wake wa miaka thelathini. Miaka ya kwanza ilikuwa migumu sana. Maji yalikuwa ya kununua kwa ndoo, gari lilikuwa la kutafuta, na mama lishe hakuwa na wa kumlisha, maana huku hakuna zamu ya usiku. Alijaribu maandazi, kisha akaacha. Alifariki akiwa na sufuria zake kubwa zimepangwa uvunguni. Mjukuu wake anazikodisha kwenye shughuli sasa, na ukialikwa harusi upande wa Mwakanga huenda ukala wali uliopikwa ndani yake.

Salimia kwa utaratibu, mkubwa kwanza. Wazee wataanza na mtoto: huyu wa nani? Mtaje babu yake. Watamwangalia pua au kidole cha mguu, watathibitisha. Mwache akae kati yao, usimtoe hata akianza kuchoka. Mimi wangu nilimpeleka akiwa na miaka tisa. Alichukizwa na safari, akataka simu, akauliza mara mbili tunaondoka saa ngapi.

Tulikuwa tumekaa nje, chini ya mwembe ambao baba aliupanda kwa kokwa la mwembe wetu wa Kipawa. Kuna benchi hapo. Ubao ni ule ule wa mninga, umelika katikati. Yule kijana wa kuandika alisema kweli kwamba unabebeka. Mzee wa bao, ambaye sasa hasikii vizuri sikio la kushoto, alikuwa anamsimulia mwanangu habari za dereva aliyengoja ndege ya Mwanza. Alikuwa amefika pale anaposema, “Basi akatazama saa, akatazama mlango wa abiria, akaona…”

Ndege ikatokea juu ya vilima, ikiteremka kuelekea baharini. Ilikuwa mbali bado, sauti yake haikuwa kubwa kuliko ya feni. Mzee alinyanyua kiganja. Baba akashika kikombe. Jirani aliyekuwa anamenya chungwa akasimamisha kisu. Mwanangu alinitazama, kisha akawatazama wao mmoja mmoja, na akafunga mdomo wake aliokuwa ameufungua kuuliza swali.

Ikapita.

“Mlango uko wazi,” akasema mzee, “lakini hakuna anayetoka.”